Uzito wa Mtoto Aliyelala

Masinya, Jumapili, jua likielekea kuzama

Nekesa, mama,

Nakuita mama hata kwenye karatasi kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na bibi huyo angekasirika kusikia nimeanza barua bila kumsalimu. Basi mulembe, mama. Mulembe sana.

Nakusikia chumba cha pili ukibishana na mama yako kama blanketi la kijivu litaingia sandukuni au halitaingia. Mambo ya blanketi na sabuni, na nani umsalimie Kampala, nimemwachia yeye. Mimi nina jambo moja tu, na tangu jana adhuhuri moyo unanidunda kama kijana aliyepewa baiskeli mpya. Nimejaribu kukwambia kwa mdomo. Kila nikianza, wewe unatazama chini unasema, "Basi baba, yaishe." Hayaishi. Tena sitaki yaishe.

Mama yako ameniambia. Usimlaumu, unajua siri kwake haikai hata chungu kichemke. Amesema umeamua ukifika chuoni utawaomba wakubadilishie masomo, uache fizikia uchukue historia, kwa sababu fizikia imemvunja baba yako mbele ya watu. Watoto wangapi wa huku wamepewa nafasi ya kusomea kitu hicho? Wasichana je? Na wewe unataka kuiacha kwa ajili ya uso wangu, huu uliokunjamana kwa jua la barabarani. Nimekaa kuandika ili usifanye hivyo. Nitakupa barua hii stesheni. Uisome kwenye treni, tena mpaka mwisho, kabla hujakutana na mtu yeyote wa chuo.

Nadharia yangu unaijua kuliko mtu mwingine yeyote, maana umekua ndani yake. Lakini sijawahi kuiandika, na hata kitu kinachozikwa husomewa sifa zake. Nilisema hivi: mtu aliye macho ni mwepesi, akilala anakuwa mzito, akifa anazidi kuwa mzito. Ardhi inavuta, sikatai, lakini uhai nao unavuta kwenda juu. Kwa hiyo kile kitabu chako kinachosema uzito ni uleule, mtu akiwa macho au amelala au amekufa, kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kubeba abiria.

Na mimi nimewabeba. Tangu siku zile tulipoanza kusimama pale kizuizini na kuita "boda, boda," nimekuwa nikivusha watu kwenye kile kipande cha njia kati ya Uganda na Kenya, jua na mvua. Miguu yangu ilinifundisha mapema kwamba mlevi aliyesinzia kwenye keria ni mzigo mara mbili. Wazee nao walikuwa upande wangu. Si husema marehemu akikataa kuondoka anawalemea wabebaji, mpaka mmoja amsemeshe kwa upole ndipo apungue? Nilipowaeleza wenzangu, waliitikia wote. Hakuna mama wa hapa ambaye hajui kwamba mtoto akishalala mgongoni anakuwa gunia. Nikajiona nimegundua kitu ambacho Wazungu na mzee wao wa tofaa lililoanguka hawakukiona.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaanza kutunga sheria. Nikasema mzigo ukifungwa kwenye keria ni kitu kifu, lakini ukishikwa na mtu aliye hai unaonja uhai wake, nao unapungua. Kwa hiyo abiria wangu wote wakawa wanakaa kwenye keria na mizigo vichwani. Mama Anyango, yule muuza dagaa, alivumilia kwa sababu tulikuwa majirani. Siku moja tulipofika kizuizi cha pili alishuka, akaweka karai lake chini, akajishika shingo.

"Wandera," akasema, "mimi nalipa baiskeli ibebe hii mzigo. Kama kichwa yangu ndiyo nabeba, basi wewe nilipe mimi."

Tangu siku hiyo akawa anapanda baiskeli ya mwenzangu Odongo. Mimi nikasema hana elimu.

Na jogoo unamkumbuka? Ule mwaka mjomba wako alipokuja kutoka Mukuju, nilimpima jogoo akiwa hai, tukamchinja, nikampima tena. Nadharia yangu ilisema atazidi. Akapungua. Mtu mwenye busara angekaa chini akafikiri. Mimi nilitangaza palepale kwamba uhai wa kuku uko kwenye damu, na damu imemwagika, kwa hiyo kipimo kile hakifai. Wewe ulikuwa mdogo, umeshika manyoya mkononi. Ukaniuliza, "Baba, mbona sheria imebadilika baada ya kuku kufa?" Nikakutuma ukachote maji, na mtungi ulikuwa umejaa. Huwa nalikumbuka swali lile nikiwa barabarani peke yangu, na huwa nacheka, lakini siku ile sikucheka.

Sasa Ijumaa. Ulikuja kwangu kwa adabu, ukasema, "Baba, kabla sijaondoka tumpime Ajiambo. Akiwa macho, halafu akilala." Kwa nini nisikubali? Nilikuwa na uhakika, tena nilitaka uondoke ukiwa na ushahidi wa kuwapelekea maprofesa wako. Ningejulikana. Niliwaalika wenzangu wote wa pale stendi kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Stoo ya pamba haina kazi msimu huu, na mzee wa stoo akatufungulia mizani ya kuning'inia. Mama yako ndiye aliyegoma. "Mtoto hapimwi kama pamba," akasema, na kwa desturi yetu alikuwa na haki, maana mtoto anayepimwa watu wakitazama anaitiwa macho mabaya. Lakini wewe ulimshika mkono ukamnong'oneza jambo, na yeye mwenyewe akamfunga mdogo wako kwenye leso ya kubebea, akamtundika kwenye ndoano.

Ajiambo alirusha miguu, mshale ukacheza. Ukangoja atulie. Ukachora kwa chaki pale mshale ulipokomea. Kisha tukangoja. Mama yako akamwimbia, mtoto akalala humohumo kwenye leso, mdomo wazi. Mshale ulisimama juu ya chaki yako. Haukusogea hata unywele.

"Wandera, hii uhai yako nakwenda wapi?" Odongo akauliza, na stoo nzima ikaangua kicheko.

Wewe hukucheka. Ulinyoosha mkono ukaifuta ile chaki kwa kiganja kabla ya waliokuwa nyuma kuiona. Uliifuta upesi, kama mtu anayefunika uchi wa mzazi wake. Hilo ndilo lililoniuma, Nekesa. Kicheko cha Odongo nimekizoea.

Njiani sikusema neno, na nyumbani sikula. Ukadhani nimevunjika. Nitakwambia ukweli: kutoka stoo mpaka kwenye njia ya kuingia kwetu nilikuwa na hasira, na nilikuwa natafuta la kusema. Nilitaka kusema leso ilikuwa na unyevu. Nilitaka kusema mizani ya pamba haijui watu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kabisa, halafu nikamkumbuka yule jogoo. Nikaufunga. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nilikuwa nimeshindwa waziwazi, na mtoto wangu, kwa mizani niliyoikubali mwenyewe. Nikaingia kulala.

Lakini usingizi haukuja, na sababu haikuwa aibu. Lilikuwa swali! Mizani imesema uzito ni uleule. Sawa, mizani haina sababu ya kunionea. Lakini miguu yangu nayo imesema miaka yote kwamba anayelala ni mzito, na miguu haina sababu ya kunidanganya. Vyote viwili viko sawa kwa wakati mmoja, na haiwezekani. Nilijihisi kama nimekuta wageni wawili mlangoni, kila mmoja anasema nyumba ni yake. Kunyamaza kwangu kote tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi alfajiri, ambako ninyi mlikuwa mnatembea kwa ncha za vidole kuniogopa, kumbe mimi nilikuwa nafikiri. Sikumbuki mara ya mwisho kufikiri hivyo. Nilipokuwa na nadharia sikuwa na haja ya kufikiri.

Jana asubuhi nikaenda kwa Odongo. Nikamwambia, "Umenicheka, sasa utalipa kwa mgongo wako." Nikamweka kwenye keria yangu, nikambeba kutoka mti wa msonobari hadi kizuizini, akiwa macho. Kawaida. Nikarudi naye, nikamwambia ajilegeze kama mlevi wa saa sita mchana, jambo ambalo halikumpa shida. Baiskeli ikawa nzito! Odongo huyohuyo, shati lilelile. Usukani ukanivuta kushoto, nikavuta kulia, mapaja yakawaka moto, nikashuka katikati ya kilima. Watu wakatuuliza kama Odongo ni mgonjwa.

Kisha nikafanya jambo jingine. Nikachukua zile kamba zangu za tyubu, zile za kufungia mizigo, nikamfunga Odongo mgongoni mwangu, akabanwa sawasawa, bado amejilegeza, kichwa kinaning'inia. Nikapanda. Nekesa, akawa mwepesi! Hakuamka, hakujishika, uhai wake haukuongezeka hata kidogo, lakini nilipanda kile kilima nikiwa nimekaa.

Unaona? Hakuzidi uzito hata mara moja. Aliye macho anakufuata. Ukiinama kona naye anainama, ukisimama juu ya pedeli naye anajikaza, anakushika. Aliyelala hakushiki. Uzito wake unakwenda anakotaka yeye, na wewe unatumia nguvu zako kuurudisha, kushoto, kulia, kila mzunguko wa pedeli, na nguvu hizo unazihesabu kuwa ni uzito. Mizani haikuliona hilo kwa sababu mizani haiendi popote. Nilipiga kelele pale kilimani. Odongo akasema, "Nifungue kwanza, halafu wewe pata wazimu pole pole."

Huenda hayo yote yamo kwenye ukurasa fulani wa kitabu chako na yana jina. Sijali. Au tuseme najali, utaniambia jina lake. Lakini mimi niliyapata jana kwa mapaja yangu, na furaha niliyoipata kwa kujua nilivyokosea inazidi furaha yote niliyopata miaka niliyojidhania niko sawa.

Bado sijafika kwenye lile ninalotaka ulijue. Hili mama yako analijua nusu tu.

Ulipokuwa na umri kama wa Ajiambo ulishikwa na homa. Mama yako alikuwa matangani kwao Mukuju. Nilikuweka mbele kwenye bomba la baiskeli, kati ya kiti na usukani, nimekufunika leso yake, tukaenda zahanati ya Masafu. Mwanzo ulikuwa unalia, kisha unalalamika, kisha kimya. Ndipo baiskeli ikawa nzito. Ilikuwa nzito ghafla, inayumba, kama kuna mtu anaivuta kutoka chini. Nikakutazama, shingo yako imelegea. Mimi ni mtoto wa watu wanaosema maiti hulemea wabebaji. Nikajua uhai unatoka. Niliuhisi ukitoka, kwa miguu yangu, kila pedeli. Siwezi kukueleza hofu ile, na sijataka kukueleza mpaka leo.

Nikashuka. Nikakufunga mgongoni kwa leso, kama mwanamke, na wanaume walikuwa wanapita njia ile wakinitazama. Nikapanda tena, nikiwa naomba kwa sauti. Na wewe ukawa mwepesi. Nikasema, umerudi, Mungu ameurudisha. Nilikanyaga pedeli nalia mpaka Masafu. Wakakupiga sindano, na siku ya pili ukaomba uji.

Nadharia yangu ilizaliwa siku hiyo. Sikuitoa kwa walevi wala kwa jogoo. Hayo niliyaokota baadaye ili kuipamba. Niliamini kwamba ulianza kufa mikononi mwangu, na kwamba mtu aliyekwisha kuijua njia ile anaweza kuirudia. Ndiyo maana sikukuruhusu kulala kwenye baiskeli tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kila ulipolegea kidogo nilikufinya, nikakuimbisha, na nyimbo zilipokwisha nikakupa hesabu. Ulikuwa unalalamika, "Baba, nimechoka," nami nasema, "Saba mara nane, jibu." Walimu wako wakashangaa mtoto huyu amezijulia wapi. Hukuzijulia popote, mama. Ulikuwa unalipia hofu ya baba yako.

Jana, nikiwa nimemfunga Odongo mgongoni, kilimani, ndipo nikaelewa. Hukurudi kutoka popote, kwa sababu hukuwa umekwenda popote. Ulikuwa umelala. Mtoto mwenye homa amechoka kulia, akalala, akanilemea. Nikamfunga, akaacha kuyumba. Ni hayo tu! Miaka yote nimetembea na kifo chako mfukoni, na hakikuwa chako. Nilimfungua Odongo, nikakaa kwenye nyasi, nikalia mbele yake. Hakunicheka safari hii. Akanisogezea baiskeli isianguke.

Nani amenipa hilo? Ni wewe na mizani yako. Ungenihurumia siku ile usipime, ningekufa na hofu hiyo. Kwa hiyo usinihurumie tena. Ulipoifuta ile chaki ulifanya kosa, na ndilo kosa pekee ninalokuonya nalo leo, kwa sababu limefanana na langu. Mimi nilibadilisha sheria ili nisishindwe, nawe ulifuta alama ili baba asishindwe. Ingekuwa juu yetu sisi wawili, mshale ule ungesimama bure.

Nimekosea mengine mengi na sitayamaliza kwenye karatasi hizi. Niliyemkosea zaidi ni Mama Anyango, na asubuhi ya leo baada ya misa nilimwendea nikamwambia mzigo ukiwa kichwani au kwenye keria ni uleule.

"Hiyo nilikwambia tangu zamani," akasema.

"Ulisema shingo inauma. Hukusema uzito ni uleule."

"Shingo ndiyo nilipima nayo," akajibu. Amesema atarudi kupanda kwangu, ila nimvushe bure kwanza mpaka moyo wake utulie. Nimekubali.

Utakutana huko na watu kama mimi. Wengine watakuja na suruali zilizopauka, wanasema wamewashinda wakubwa wa vitabu. Wengine watakuwa wamevaa majoho, nao wanabadilisha sheria baada ya kuku kufa, ila kwa Kiingereza. Wasikilize wa aina zote mbili, kisha uwaombe mizani. Na wewe mwenyewe siku ukisimama na nadharia yako mbele ya watu, na kijana akasema "tupime," najua moyo utakavyokuwa. Utataka kusema leso ina unyevu. Nyamaza kidogo tu, upitishe hasira, ulale nalo. Asubuhi huwa kuna swali linakungoja, na ni zuri kuliko lile ulilokuwa nalo.

Taa imekaribia kuisha mafuta, na mama yako ameshinda, nasikia blanketi limeingia.

Saa unaposoma hapa treni imeshaondoka Tororo. Sanduku lilitangulia na lori la mahindi, na wewe nimekubeba mwenyewe kutoka Masinya, maana sikutaka mtu mwingine akubebe siku hii. Kama ulisinzia njiani, umeona sikukufinya. Ndivyo nilivyopanga. Nimeweka kamba ya tyubu karibu, na nimengoja kwa hamu uwe mzito.

Na sasa narudi peke yangu. Keria ni tupu. Kwa mizani yoyote, ya pamba au ya chuo chenu, baiskeli imepungua uzito wako wote, na hakuna mtu wa kuyumba nyuma, na barabara ni ileile. Miguu yangu ingepaswa kuruka. Lakini najijua, Nekesa. Najua kabla ya kufika popote nitakuwa nimeshuka, naisukuma kwa mikono, na sitaweza kuipanda. Nakupenda, na sijui kwa nini itakuwa nzito namna hiyo.

Chukua hilo liwe swali lako la kwanza. Nitangoja miaka yote utakayosoma. Ila usije ukaniletea jibu la historia.

Baba yako,
Wandera